Ziwa Hulishwa na Nchi Kavu

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka minne baadaye nyavu za makila zilizotoka Ulaya zikaanza kutegwa katika Ziwa Victoria, na uvuvi uliokuwa wa migono, ndoana na uzio wa matete ukageuka kuwa biashara ya kulisha miji. Samaki aliyesakwa kuliko wote alikuwa ngege, yule sato wa asili mwenye nyama tamu. Kufikia miaka ya 1920 nyavu zilikuwa zikitoka majini na samaki wachache, hasa upande wa Kisumu, na serikali za kikoloni zikaanza kuuliza kulikoni.

Aliyeletwa kutafuta jibu ni Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza. Mwaka 1927 na 1928, akiwa na msaidizi wake kijana E. B. Worthington, alipita ziwani huku na huko akitega nyavu, akipima joto la maji na kupasua matumbo ya samaki aone wamekula nini. Ripoti yake ya mwaka 1929 inakumbukwa zaidi kwa pendekezo kwamba nyavu za ngege zisiwe na matundu madogo kuliko inchi 5. Lakini ndani yake mna onyo zito zaidi: kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine kungekuwa na hatari kubwa kabisa, isipokuwa utangulie utafiti wa kina.

Graham alikuwa ameona matumboni mwa samaki jambo ambalo mizani ya mwaloni haionyeshi. Ngege alikula mwani, hasa diatomu, viumbe vidogo mno vya majini vinavyojijengea ganda la silika. Furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliojaa kila kona ya ziwa, walikula karibu kila kitu. Kila samaki alikuwa amefungamana na wengine kwa chakula. Historia ninayoisimulia hapa ni ya watu waliofuata mafungamano hayo kwa takriban miaka mia moja, kutoka mdomo wa samaki hadi udongo wa shamba, na ya gharama tuliyolipa kila waliposema nasi hatukusikiliza.

Hesabu ya Lindeman

Wakati Graham anaandika, elimu ya viumbe wa maji baridi ilikuwa bado inaorodhesha nani anamla nani. Aliyeigeuza orodha hiyo kuwa hesabu alikuwa kijana wa Kimarekani, Raymond Lindeman, aliyechunguza kiziwa kidogo cha jimbo la Minnesota kiitwacho Cedar Bog Lake. Alipima mwani, wadudu, samaki na tope, kisha akauliza swali jipya: nguvu ya jua iliyonaswa na mwani inafika kiasi gani kwa anayeula mwani, na kiasi gani kwa anayemla huyo? Jibu lilikuwa kwamba sehemu kubwa hupotea katika kila hatua. Kiumbe hupumua, hutembea, hutoa taka, na kinachobaki mwilini mwake kumfaa mlaji wa juu ni kidogo. Kwa kawaida wataalamu huchukua kwamba ni kama sehemu moja kwa kumi inayovuka kutoka ngazi hadi ngazi. Lindeman alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 26, miezi michache kabla makala yake haijachapishwa.

Nguvu ya jua hupita mara moja na kuishia. Virutubisho havipotei namna hiyo. Fosforasi iliyoko kwenye mwani huingia kwa samaki, hushuka na kinyesi na mizoga hadi kwenye tope, huyeyuka tena na kupandishwa na upepo unaovuruga maji, kisha mwani mwingine huitumia. Kwa hiyo anayetaka kulijua ziwa ana vitu viwili vya kufuata: nguvu inayopita na virutubisho vinavyozunguka. Mawazo haya mawili yalifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Kituo cha Jinja

Mwaka 1947 Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Humo alifanya kazi P. H. Greenwood, aliyetumia miaka akitenganisha jamii za furu kwa taya na meno yao. Mwenye meno ya kukwangua alikula mwani wa miambani. Mwenye taya nene la kooni alisaga konokono. Kazi ambayo kwa nje ilikuwa ya kutaja majina ilikuwa ndani yake ramani ya mlo wa ziwa zima.

Humo pia Jack Talling alipima maji mwaka 1960 na 1961, mwezi baada ya mwezi, katika eneo lile lile la maji ya wazi. Alionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya joto hukaa juu ya maji ya baridi bila kuchanganyika, mpaka upepo wa kusi wa Juni na Julai unapolipoza ziwa na kulichanganya hadi chini. Ndipo oksijeni hushuka na virutubisho hupanda. Aliandika pia kiasi cha silika, cha mwani na cha oksijeni katika kila kina. Hakujua kwamba tarakimu zake zingekuwa kipimo cha ziwa kabla ya msiba.

Na ni hapo Afrika Mashariki ulipowaka ubishi juu ya sangara, samaki mkubwa mla samaki. Maafisa waliotaka apandikizwe walisema furu ni samaki wasio na maana, wadogo, wenye miiba. Heri wageuzwe kuwa nyama ya samaki mkubwa anayeuzika. Mtaalamu Geoffrey Fryer aliwajibu kwa makala mwaka 1960. Hoja yake ilikuwa hesabu ile ile ya Lindeman: mla samaki yuko ngazi ya juu, kwa hiyo kila kilo ya sangara itagharimu kilo nyingi za samaki wengine, na ziwa haliwezi kutoa nyama zaidi kwa kuongezewa mdomo mwingine juu ya midomo iliyopo. Tena, akaonya, samaki akishaachiwa ndani ya ziwa la kilomita za mraba 68,800 hakuna atakayemrudisha.

Wakati Fryer anachapisha hoja yake, sangara alikuwa tayari ziwani. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba maafisa wa wanyamapori na uvuvi wa Uganda waliwaachia kimyakimya kuanzia mwaka 1954, wakitoka Ziwa Albert. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine kwa ruhusa rasmi. Mjadala wa kitaalamu ulifanyika juu ya jambo ambalo wenye madaraka walikuwa wamekwisha kulitenda.

Mwanza na ulimwengu wa furu

Kwa karibu miaka ishirini sangara hakuonekana kuleta balaa. Uchunguzi mkubwa wa nyavu za kukokotwa uliofanyika ziwa zima kati ya 1969 na 1971 ulikuta kwamba kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya maji ulikuwa wa furu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na utafiti uliokuwa wa pamoja ukagawanywa kwa nchi tatu. Mwaka huo huo timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kazi Mwanza pamoja na wenzao wa Tanzania. Frans Witte na wenzake walikuja kuhesabu furu wa Ghuba ya Mwanza ili ijulikane wanaweza kuvuliwa kiasi gani. Walichokikuta kiliwazidi. Kila wavu ulipanda na jamii ambazo hazijawahi kupewa jina; leo inakadiriwa kwamba ziwa zima lilikuwa na jamii 500 au zaidi.

Walipasua matumbo, na mlo wa ziwa ukajifunua. Wapo waliokula tope na mwani, wapo waliokula wanyama wadogo wanaoelea majini, wapo wa wadudu, wa uduvi, wa kaa, wa konokono. Wapo waliobambua magamba ya samaki wengine. Jike wa furu hutamia mayai na vifaranga mdomoni, na kulikuwa na furu walioishi kwa hao: walimkabili jike, wakamfumbata pua kwa midomo yao iliyonyumbuka, wakamfyonza mpaka akawatemea watoto. Mmoja wa samaki wa miambani waliompa jina la kisayansi mwaka 1985, dume lake likiwa na mgongo mwekundu unaong'aa, walimwita *nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere.

Waliokuwa wengi kupita wote ni walaji wa tope na mwani na walaji wa wanyama wanaoelea. Hawa ndio waliokuwa wakifanya kazi ambayo hakuna aliyewalipa: waliula mwani, wakala mabaki yake chini, wakarudisha virutubisho katika mzunguko kabla havijaoza.

Kisha wakaanza kutoweka mbele ya macho ya waliokuwa wakiwahesabu. Katika ghuba ya upande wa Kenya furu waliporomoka kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 nyavu za Ghuba ya Mwanza zilizokuwa zikijaa furu zilipanda na sangara. Richard Ogutu-Ohwayo wa Jinja alifuatilia anguko lile lile katika Victoria na Kyoga na kulichapisha mwaka 1990. Witte na wenzake walikadiria kwamba kama jamii 200 huenda zimepotea. Sangara naye, furu walipokwisha, alihamia kwa uduvi, dagaa na vifaranga wa sangara wenzake. Mtandao wa mamia ya midomo ulikuwa umebaki na nyuzi chache.

Fumbo la mavuno

Hapo ndipo hesabu ilipoonekana kukataa. Fryer alikuwa amesema samaki watapungua kwa uzito. Badala yake, mavuno ya ziwa zima, yaliyokuwa kama tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970, yalifika karibu tani 500,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, Mwanza na upande wa Uganda. Waliomtetea sangara walisema wataalamu walikosea.

Jibu lilikuwa kwenye maji. Chukua kisahani cheupe, kifunge kamba yenye alama za mita, kishushe kando ya mtumbwi mpaka kipotee machoni, soma kamba. Graham alifanya hivyo. Wataalamu wa Jinja walipokirudia kipimo hicho mwishoni mwa miaka ya 1980, kisahani kilipotea mapema mno, na karibu na pwani hakikufika hata mita mbili. Rose Mugidde, mtafiti wa Uganda, alionyesha mwaka 1993 kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeongezeka takriban mara mbili tangu siku za Talling, na wingi wa mwani wenyewe ulikuwa umezidi mara kadhaa. Upande wa Kenya, Peter Ochumba alikuwa ameshaandika juu ya vifo vya samaki wengi kwa pamoja katika ghuba ya Kisumu, maji yasiyo na oksijeni yalipopandishwa juu.

Mtafiti mwingine, Robert Hecky, alitoka Canada, ambako wenzake walikuwa wamefanya jaribio lililojulikana dunia nzima. Mwaka 1973, katika eneo la maziwa ya majaribio la Ontario, timu ya David Schindler ililigawa ziwa namba 226 kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili zilipewa kaboni na naitrojeni, lakini upande mmoja tu ulipewa fosforasi, na upande huo ndio uliogeuka kijani. Hecky alijua la kutafuta. Akilinganisha maji ya wazi ya Victoria na tarakimu za Talling, alikuta silika imeshuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa. Oksijeni ya chini ilikuwa inaisha mapema zaidi, na kati ya Oktoba na Machi sehemu kubwa ya sakafu ya ziwa, hadi nusu yake, ilikuwa haikaliki na samaki.

Mambo yalivyofuatana yanaeleweka ukiyapanga. Fosforasi ilipozidi, diatomu zilistawi, zikatumia silika, zikafa na kuzama nayo kwenye tope. Silika ilipoadimika nafasi yao ikachukuliwa na bakteria wa kijani-buluu, ambao hawahitaji silika, na wengi wao huweza kuchukua naitrojeni kutoka hewani. Diatomu alizozitegemea ngege zikapungua. Mwani wa ziada ulizama na kuoza, na kuoza kwake kukala oksijeni ya chini. Tope lisilo na oksijeni nalo huachia fosforasi lililokuwa limeishika, kwa hiyo ziwa likaanza kujirutubisha lenyewe kutoka chini.

Ndivyo mavuno yalivyopanda. Ziwa lilikuwa linatengeneza chakula kingi zaidi chini kabisa ya mtandao, na njia ya kumfikia sangara ilikuwa imefupishwa: uduvi walikula mabaki, sangara akala uduvi. Dagaa walikula wanyama wanaoelea na viluwiluwi vya wadudu wa ziwani, wale wanaopaa kwa mawingu meusi jioni, nao wakaongezeka. Ni hao wanaovuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa taa, na kuanikwa mchangani asubuhi. Hesabu ya Lindeman haikuwa imevunjwa. Fryer alikuwa amechukulia tu kwamba kapu la mwani lililo chini litabaki na ujazo ule ule, na hakuna aliyejua mwaka 1960 kwamba lilikuwa limeshaanza kufurika.

Ushahidi wa tope

Ilibaki kujua nani alitangulia. Je, sangara aliwamaliza walaji wa mwani, maji yakageuka kijani kwa kukosa wa kuyasafisha? Au maji yaliharibika kwanza?

Tope la ziwa hutunza kumbukumbu. Kila mwaka tabaka jembamba hushuka juu ya lingine likiwa na maganda ya diatomu na vichwa vigumu vya viluwiluwi vya wadudu, na risasi yenye mnunurisho iliyomo husaidia kuhesabu umri wake. Dirk Verschuren wa Ubelgiji, pamoja na Hecky na wengine, walitoa nguzo ya tope kwenye kina cha ziwa, wakaikata vipande vyembamba na kuvisoma. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Rutuba ya ziwa ilianza kupanda miaka ya 1930, ikienda sambamba na ongezeko la watu na kilimo kandokando ya ziwa. Vina vya chini vilianza kupoteza oksijeni mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Miaka ya 1930 sangara hakuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mgeni wa kuhesabika. Baadhi ya furu waliokaa maji ya kina huenda walikuwa wamekwisha kunyang'anywa makao kabla sangara hawajawa wengi wa kuwala. Hilo halimwondolei lawama: alikula, na alikula sana. Lakini aliingia nyumba ambayo msingi wake ulikuwa umeshatikisika, na waliotikisa msingi huo walikuwa nchi kavu.

Fosforasi iliingiaje? Mito ilileta udongo wa mashamba yaliyofyekwa, miji ilimwaga maji taka. Njia nyingine haikudhaniwa. Mtafiti Mtanzania Rashid Tamatamah, akiwa na Hecky na Duthie, aliweka vyombo vya kukinga mvua na vumbi kandokando ya ziwa, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani hushuka kutoka angani. Ziwa ni pana na maji yake mengi ni ya mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Vumbi la ardhi iliyo wazi na majivu ya misitu na nyasi zinazochomwa huelea na kushukia humo. Sangara mwenyewe alichangia kwa njia ya mzunguko: kwa mafuta aliyonayo hakaukii juani kama dagaa, hubanikwa kwa moto, na kuni za kumbanika zilikatwa kwenye vilima vile vile vilivyokuwa vinashika udongo.

Waliorudi

Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen alionyesha pigo ambalo hakuna aliyelitarajia. Jike wa furu wa miambani humchagua dume wa jamii yake kwa rangi, mwekundu au wa buluu. Katika maji ya kisiwa cha Makobe, yaliyo angavu, jamii hizo ziliishi pamoja bila kuchanganyika. Penye maji machafu rangi zilififia na mipaka ikapotea. Hata maabara, chini ya taa ya rangi moja, majike hawakutofautisha tena. Maji machafu yanaweza kuangamiza jamii ya samaki bila kumwua samaki hata mmoja.

Lakini kuanzia miaka ya 1990, sangara wakubwa walipovuliwa mno, baadhi ya furu walirudi, hasa wale wa kula wanyama wanaoelea na wa kula mabaki. Walirudi wamebadilika. Witte na wenzake waliwalinganisha na wale waliohifadhiwa kwenye chupa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakakuta kwamba katika jamii moja eneo la matamvua lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu, katika miaka isiyozidi 20, na mlo wake umehamia kwa mawindo makubwa zaidi. Samaki huyu amejirekebisha ili aweze kupumua katika ziwa tulilompa.

Mwaka 2008 Jeppe Kolding, Oliva Mkumbo wa taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania na wenzao waliuliza waziwazi kinachotishia uvuvi wa Victoria ni nini, kuvua kupita kiasi au rutuba kupita kiasi, na wakaelekeza kidole kwa rutuba. Mavuno yaliyotajirisha miji yetu yalilishwa na udongo uliopotea mashambani. Rutuba ikipita kikomo chake, oksijeni itaisha na mavuno hayo hayo yataporomoka.

Tunapima nyavu kwa rula, tunachoma nyavu za kokoro hadharani, na hayo yana maana yake. Lakini serikali iliyo na doria ya boti na haina kipimo cha fosforasi katika mito ya Kagera, Mara, Simiyu na Nzoia inasimamia nusu ya ziwa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ziwa. Mita hizo zikiachwa na matete yake, zinanasa udongo kabla haujafika majini. Afisa kilimo wa wilaya anayemfundisha mkulima kukinga matuta mlimani, na mhandisi anayejenga mabwawa ya maji taka ya mji, wanalinda samaki kwa kiwango ambacho afisa uvuvi peke yake hawezi. Graham alisema mwaka 1929, Fryer akasema mwaka 1960, na wote wawili walikuwa na ushahidi mkononi. Tarakimu za maji zinazochukuliwa sasa Jinja, Kisumu na Mwanza ni onyo la tatu, na safari hii bado kuna muda wa kulitii.